Shule za kimataifa huku nje: bendera getini hazikwambii kitu

Kitu ambacho nakikosa sana huku ugenini ni umbea wa shule. Kule nyumbani ukitaka kujua shule fulani ikoje huna haja ya kutembezwa na mtu wa masoko mwenye tai, unamuuliza shangazi, unamuuliza dada wa ofisini ambaye alisoma palepale na sasa wanawe wanasoma palepale, utaambiwa mkuu wa shule mkali lakini shule anaiweza, utaambiwa bweni la wasichana maji yanakatika, utaambiwa yule mwalimu wa hesabu siku akistaafu basi shule imekwisha. Na juu ya hapo matokeo ya mtihani wa taifa yanatoka hadharani, wakivurunda kila mtu anaona.

Huku hiyo kitu hamna. Mzazi anayekushauri kafika juzijuzi na mwakani kampuni inamhamisha, mwalimu mwenyewe mgeni, na mwenye miaka mitano hapa anaheshimika kama mzee wa mji. Kwahiyo ukiuliza "shule ikoje?" unarudishiwa maneno yaleyale ya kwenye brosha, bwawa la kuogelea, vishikwambi, watoto wa mataifa kibao, na picha ya bendera zimepangwa getini. Yani hakuna mtu amekaa muda wa kutosha akajua ubaya wake.

Ndo maana mi nasema majengo yaacheni kwanza. Shule ya hivi ipimeni kwa jinsi inavyompokea mtoto anayeingia katikati ya mwaka na inavyomwachia akiondoka, manake hiyo ndo kazi iliyofanya ziwepo. Ile shule ya kimataifa ya Geneva ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Shirika la Kazi Duniani na ule Ushirika wa Mataifa wa zamani, watoto wa watu wanaohamahama. Na IB (International Baccalaureate, taasisi yenye mtaala na diploma ya kimataifa ya sekondari) nayo ilizaliwa hapohapo Geneva mwaka 1968 kwa shida hiyohiyo, mtoto awe na cheti kimoja ambacho vyuo vikuu vya nchi tofauti vitakielewa. Sasa shule inayojiita ya kimataifa halafu haijui imfanyie nini mtoto aliyeingia mwezi wa pili, hiyo ni shule ya kawaida tu yenye ada ya kutisha.

Na hilo jina "kimataifa" wala halina mwenyewe, nchi nyingi mtu anabandika tu. Waulize wana ithibati ya nani, ya lini. Wakikwambia "tuko kwenye mchakato wa IB" elewa kwamba mchakato sio kibali, shule ambayo haijapewa kibali haiwezi kumfanyisha mwanao diploma ya IB hata waseme nini, na orodha ya wenye kibali iko kwenye tovuti ya IB yenyewe, unaangalia bila kumuuliza mtu. Shule zenye mtaala wa Uingereza nyingi zinakaguliwa chini ya utaratibu wa serikali ya Uingereza wa shule za ng'ambo na ripoti zinasomeka. Dubai wao ndo walirahisisha mambo, mamlaka yao ya elimu ilianza 2008 kukagua shule binafsi na kuweka ripoti wazi, kila shule na daraja lake. Kwangu mimi ripoti ya ukaguzi ndo inakaa nafasi ya shangazi, ingawa haina utamu wa shangazi.

Kwenye matokeo hapo muwe makini sana. Diploma ya IB ina masomo sita, kila somo juu kabisa ni 7, ukiongeza pointi 3 za insha ndefu na lile somo la nadharia ya maarifa unapata 45, na kufaulu kunaanzia 24. Shule itakutajia wastani mzuriii, wewe uliza swali moja tu: waliofanya diploma nzima ni wangapi kati ya waliomaliza darasa hilo? Manake kuna shule zinawaelekeza watoto wanaosuasua wachukue masomo machache au cheti cha shule tu, halafu wastani unabaki unang'aa. Sisi huo mchezo tunaujua toka nyumbani, mtoto anakaririshwa darasa asije akashusha shule. Ni ileile, wao wanaifanya kwa lugha laini na kikao cha kahawa.

Walimu. Hapa ndo shule nyingi zinababaika ukiuliza. Mikataba ya walimu wa kigeni mara nyingi ni ya miaka miwili, kwahiyo wengine kuondoka ni kawaida, lakini ukisikia kila mwaka nusu ya walimu wanafungasha basi kuna kitu kule ndani, iwe mshahara, iwe uongozi. Uliza mwaka jana waliondoka wangapi na mkuu wa shule ana muda gani pale. Nyumbani tunalalamika walimu wamezeeka na notisi zao za zamani, sawa, lakini yule mwalimu anamjua mtoto, kamfundisha kaka yake na mama yake, huku mtoto kila mwaka anaanza kujieleza upya kwa mtu mpya, na mtoto mkimya anapotelea hapo.

Kupokea sasa. Mwaka wa masomo wa shule nyingi za huku unaanza mwezi wa nane au wa tisa, wetu unaanza Januari, kwahiyo mtoto wetu karibu kila mara anaingia katikati na wanaanza kubishana arudi nyuma au aende mbele. Shule nzuri inampima, inaangalia kazi zake, inampa mwenzake wa kumzungusha na baada ya wiki chache inakuita mzungumze. Shule mbovu inaangalia pasi yako ya kusafiria na kumpeleka moja kwa moja kwenye darasa la msaada wa Kiingereza, tena saa ingine kwa malipo ya ziada, wakati mtoto kasoma kwa Kiingereza toka chekechea. Mi hiyo nimeiona na inaudhi jamani. Dai apimwe kwanza, na uonyeshwe hayo matokeo ya kipimo.

Mwenye mtoto wa sekondari aangalie kalenda yake ya kazi pia. IGCSE, yani mitihani ya mfumo wa Uingereza ya kama kidato cha nne hivi, ni kozi ya miaka miwili, diploma ya IB vilevile, ukihamishwa katikati ya hiyo miwili mtoto anapata taabu kwelikweli hata kama shule mpya ina mtaala uleule, kwa sababu mpangilio wa mada na masomo yaliyopo hutofautiana.

Ada sitaongea sana, kila mtu anajua mfuko wake. Ila kama kampuni ndo inalipa soma inalipa nini, manake ada ni kitu kimoja na kiingilio, mchango wa majengo, basi, mitihani na safari ni vitu vingine. Na soma kifungu cha kuondoka: shule nyingi zinataka taarifa ya muhula mzima la sivyo amana hairudi, wakati mwajiri wako hatakupa muhula mzima.

Cha mwisho ni Kiswahili, na hapa nyumbani tunashinda bila jasho manake mtoto anakiokota tu uwanjani. Huku anaweza kukaa miaka akatoka na Kiingereza kizuri, lugha ya nchi yenyewe hajui, na bibi yake hawezi kuongea naye kwa simu. Wazazi wengi hawajui kwamba IB wana utaratibu wa mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo, anajisomea kwa usimamizi wa shule, ngazi ya kawaida, na Kiswahili kimo. Muulize mratibu wa diploma mapema, kabla mtoto hajachagua masomo, manake ni kazi ya ziada kwao na wengi hawataigusia mpaka uitaje wewe.