Pampasi hadi miaka mitatu, lakini alale peke yake

Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi miwili mama yangu alipopiga simu ya video kutoka Tanga. Nikamsimamisha mtoto mbele ya simu ili bibi yake aone anavyosimama dede: mikono hewani, tumbo mbele, anayumba kama mtu aliyetoka kunywa mnazi. Mama akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bado anajikojolea?" Dede hakuiona. Aliiona pampasi.

Nina mwaka wa sita hapa Leipzig, Ujerumani, na nimechoka kusoma watu wakiandika kwamba Wazungu wanamwacha mtoto awe huru na sisi tunamkandamiza, au kinyume chake, kwamba sisi ndio wenye mapenzi na wao wana baridi. Nikimlea huyu mmoja nimeona jambo jingine. Watoto wote wanaharakishwa, ila haraka zinatofautiana. Kwetu haraka iko kwenye mwili: aache winda, aache ziwa, aende. Huku mwili wanauacha ujiendee, haraka yao ni kumtenga na mama: alale chumbani kwake, ale kwa mkono wake, abaki na watu asiowajua, achague mwenyewe shati la kuvaa. Kila upande ukimtazama mwenzake unaona mtoto anateswa.

Tuanze na mkojo, maana ndio ulioleta maneno. Bibi mzaa mama ni Mdigo wa Duga, wilaya ya Mkinga. Nilikuwa darasa la tatu mdogo wangu alipozaliwa, na ninamwona bibi mpaka leo: amekaa chini uwani, miguu kainyoosha, kichanga kakiweka katikati ya miguu kikimpa mgongo, anakifanyia "shuuus, shuuus" huku anazungumza na jirani mambo mengine kabisa. Na mkojo unatoka. Mtoto hana hata miezi mitatu! Nilidhani ni ufundi wa bibi yangu peke yake. Kumbe Wadigo wameandikwa. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliowahusu wao, ukieleza kwamba mama wa Kidigo anaanza kumzoeza mtoto wiki za mwanzo tu baada ya kuzaliwa, na akifika miezi mitano au sita anakuwa mkavu mchana na usiku.

Nikajaribu, na mimi nimo. Ghorofa ya nne, mwezi wa kwanza, nje theluji, mtoto kavaa fulana, soksi ndefu za kupanda hadi kiunoni, suruali, na juu yake lile vazi la kumfunika mwili mzima. Mpaka nimfungue vifungo, mambo yameshapita. Ndipo nikaelewa kwamba ufundi wa bibi ulitegemea mbeleko na jua. Mtoto yuko mgongoni kutwa, akijinyonganyonga unajua, unamshusha, na chini amevaa kipande cha kanga tu au hana kitu.

Basi nikamuuliza mwalimu wa Kita, yaani shule ya watoto wadogo, poti wanaanza lini. "Atakapotaka mwenyewe," akanijibu, kwa sauti ya mtu anayesoma katiba. Huku mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu kuwa na pampasi hakumshtui mtu. Ila bibi mmoja wa ghorofa ya chini, aliyekulia hapa wakati wa Ujerumani Mashariki, alipolisikia jibu hilo alicheka mpaka akashika ukuta. Zama zao, alisema, kulikuwa na benchi la poti: ubao mmoja mrefu wenye poti kadhaa, watoto wanakalishwa safu moja, hainuki mtu mpaka wote wamalize. Si hadithi ya kizee, maana benchi la namna hiyo limewekwa kwenye jumba la makumbusho ya DDR, yaani hiyo Ujerumani Mashariki, huko Berlin. Mwaka 1999 mtaalamu wa uhalifu aitwaye Christian Pfeiffer alisimama na kuihusisha mikalisho hiyo ya pamoja na vurugu za vijana wa mashariki dhidi ya wageni, watu wa huku wakawaka kweli kweli. Poti ilifika hadi kwenye siasa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "atakapotaka mwenyewe" ndio ukweli wa maumbile, ninatabasamu tu. Hiyo ni kauli ya watu waliolikimbia benchi, na wenye pampasi za kutosha kabatini. Mtaani kwetu Tanga pampasi bado inauzwa moja moja dukani, na unanunua hiyo moja kwa sababu kesho una safari ya basi au una harusi. Ukiwa unaipata kwa moja moja, na wewe utataka mtoto akauke mapema.

Kwenye kulikiza, hapo sitetei ya kwetu. Mimi nililikizwa kwa shubiri. Mama anaisimulia kama kichekesho cha familia: alijipaka, nikaonja, nikakunja uso, nikaenda zangu ndani, nikarudi na kitambaa, nikamfuta ziwa, nikaendelea kunyonya. Wakanipeleka kwa bibi Duga wiki mbili. Kila akisimulia watu wanacheka, na mimi ninacheka, lakini tangu nizae ninamfikiria yule mtoto mwenye kitambaa mkononi. Wa kwangu nimemnyonyesha hadi miaka miwili kamili, kama Kurani ilivyotaja, na alipunguza taratibu mpaka siku moja akasahau kuomba. Tatizo likawa upande wa pili. Kwenye bustani ya michezo, mama mmoja mwenye mtoto wa rika lake aliniona ninanyonyesha akauliza kwa upole, "Bado?" Neno lile lile la mama yangu! Mmoja anashangaa mkojo, mwingine anashangaa ziwa.

Kutembea hakunipi taabu. Mama alitaka nimkalishe kwenye beseni nimzungushie kanga ili akaze mgongo. Walimu wa huku wanasema usimkalishe mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe, hayo ni mafundisho ya Emmi Pikler, daktari wa Hungaria. Nilifanya yote mawili, kila mmoja kwa wakati wake na bila mwingine kujua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani: kutembea bila kushikwa kulianguka popote kati ya miezi 8 na 18 hivi, na wapo wachache ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti. Nilimsomea mama. Akasema hao wa Oman lazima walikalishwa kwenye beseni.

Kinachonichoma ni usingizi. Hapa kumtoa mtoto kitandani mwako ni hatua ya kupongezwa, watu wanaulizana "analala kwake sasa?" kama wanavyouliza kazi mpya. Sisi tulilala watatu na shangazi, na sijaona kilichoharibika. Mwanangu ana kitanda chake, kizuri, kimejaa nguo zilizotoka kufuliwa.

Lakini mezani Wajerumani wameshinda. Kwetu mtoto wa mwaka mmoja hajui kijiko kinashikwaje, kwa sababu kila mtu mzima anayepita anamtia tonge mdomoni na kumfuta. Kita wanamwekea sahani, wanakaa, wanangoja. Anajimwagia, anajipaka mtindi hadi nyusi, na hakuna anayemkimbilia. Siku ya kwanza nilimwona anachota supu mwenyewe, nusu ikamwagika njiani, akanitazama kama mtu aliyejenga nyumba. Kwa wiki nzima nilikuwa ninajizuia mikono.

Hata kuachana kwenyewe wanakufanya kwa utaratibu. Tangu mwezi wa nane 2013 sheria inampa mtoto haki ya nafasi Kita akishatimiza mwaka mmoja, lakini humtupi tu ukaondoka. Siku tatu nilikaa pembeni kwenye kiti kidogo, siku ya nne nikatoka kwa dakika chache. Nililia kwenye ujia, katikati ya viatu vya mvua vya watoto wa watu. Yeye ndani alikuwa na gari la kuchimbia mchanga, habari yangu hana.

Lugha ilitukuta kwa daktari, kwenye kipimo kinachoitwa U7, cha kati ya miezi 21 na 24, kinachoandikwa kwenye daftari la njano. Anataka maneno kama 50. Akahesabu ya Kijerumani, hayakufika 20. Nikamwambia ahesabu na ya Kiswahili, mtoto wa lugha mbili zinajumlishwa zote. Akakubali, akashika kalamu: maji, toka, kanga, bibi, nyonyo, ndizi. Tulipofika ng'ombe alijaribu mara tatu, akaniomba niandike mimi.

Juzi tuko kwenye simu tena. Mtoto kavua suruali yake, pampasi bado iko, akainama, akachungulia katikati ya miguu yake. Kwetu mtoto akifanya hivyo anaita mdogo wake. Mama akaisogelea simu mpaka nikaona paji la uso tupu. "Umemwona? Umemwona? Nani huyo anamwita?"

Nikamwambia mtandao unakatika.