Malindi: kabla ya kuuza bahari, tazama mto

Novemba, vuli ikishashika bara, bahari ya Malindi mjini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni tope la Sabaki, mto unaoanza kwa jina la Athi huko nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, na kumwaga maji yake kilomita chache kaskazini mwa mji.

Wengi hulaumu masika. Kweli mto hufurika, lakini wakati huo huvuma kusi, upepo utokao kusini, na tope husukumwa kuelekea Mamburui na Ngomeni. Tena hoteli nyingi zimefungwa. Balaa ni vuli: mto umejaa, kaskazi, upepo utokao kaskazini, inaanza kuvuma, tope linashuka moja kwa moja hadi ghuba ya Malindi, na wageni wa Krismasi wameshalipia vyumba. Kumwonyesha mgeni wa Novemba picha za maji ya samawati ya Februari ni kumdanganya, na akishalipa kiingilio cha hifadhi ya bahari akakuta ukungu wa kahawia chini ya boti ya kioo, harudi.

Dawa ya kwanza ni rahisi: pima. Chukua sahani nyeupe yenye kipenyo cha sentimita 30, itoboe katikati, ifunge uzito chini na kamba yenye fundo kila nusu mita. Ishushe upande wa boti wenye kivuli, jua likiwa juu. Hesabu kina inapopotea, kisha kina inapoonekana tena ukiivuta, uchukue wastani. Ikipotea kabla ya mita 3, kwa maoni yangu safari ya matumbawe isiuzwe siku hiyo. Usipime maji yakiwa yamekupwa halafu ukauza safari ya maji kujaa: yanapojaa huleta maji safi ya bahari kuu, kwa hiyo vipimo viwili vya siku moja vyaweza kutofautiana kabisa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ongeza tahadhari, kwani mkondo mkali huvuruga tope lililotulia.

Lakini mto si adui tu. Samaki sulisuli huwinda penye mstari ambapo maji ya tope hukutana na ya samawati, na manahodha wa uvuvi huufuata mstari huo. Mlangoni mwa Sabaki kuna heroe na viboko, na kati ya Aprili na Septemba hukaa ndege wageni kutoka Madagaska, miezi ileile ambayo waongozaji wanakosa kazi. Kwa nini safari hiyo haiuzwi kwa nguvu kama ya matumbawe?

Matuta ya kuzuia mmomonyoko katika mashamba ya Ukambani, mto unakopita, yangepunguza tope, ila hiyo ni kazi ya miaka mingi. Ubao wa matangazo pale Casuarina, penye ofisi ya hifadhi ya bahari, unaweza kusimama wiki hii: tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na kina cha sahani.