Msizime mfumo wa zamani watu hawajavuka bado

Jamani naomba niliseme hili la mifumo ya maombi ya mtandaoni kubadilishwa sura usiku halafu asubuhi kila mtu atajijua mwenyewe, maana naona tumeshalizoea na si jambo la kuzoea. Sisemi mifumo isiboreshwe, hapana, ile ya zamani mingi ilikuwa inachosha kweli, maandishi madogo, kurasa nzito, ukikosea sehemu moja unaanza upya. Ninachosema ni kwamba kuwasha mfumo mpya sio ndo kazi imeisha, kazi inaisha pale mtu wa mwisho aliyekuwa anatumia ule wa zamani ameweza kumaliza shughuli yake kwenye huu mpya, na mpaka hapo ule wa zamani uachwe wazi watu wapite. Kuuzima siku hiyohiyo ni kuwaacha watu njiani.

Mi nipo steshenari hapa Dodoma, upande wa Ng'ong'ona karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Wanaozijua steshenari zetu wanajua kwamba fotokopi na kulamineti ni sehemu tu ya kazi, kazi kubwa siku hizi ni maombi ya mtandaoni. Mkopo, chuo, ajira, cheti cha kuzaliwa, vyote vinapita kwenye kompyuta. Watu wanatoka Bahi, Chamwino, Mpwapwa, wengine wamepanda gari alfajiri na bahasha ya vyeti kwapani, kwaiyo mfumo wowote ukibadilishwa habari tunaipata sisi kwanza, tena kwa njia ya mtu kukaa kwenye benchi na kusema "imegoma".

Sasa kuna mfumo mmoja wa maombi, sitautaja, umebadilishwa hivi karibuni. Kwa macho umependeza, rangi zimetulia, mpangilio mzuri. Ila kilichofuata ndo kinanifanya niandike.

Mama mmoja wa Makang'wa kaja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita, nikamwamkia, akaitikia marahaba na hata kukaa hajakaa akanipa simu. "Mwanangu, huyu kajaza kila kitu tangu jana, kafika mwisho, pa kutuma hapaonekani." Nikaangalia, ni kweli. Ukurasa wa mwisho unaishia kwenye kile kiboksi cha kutiki kwamba taarifa zako ni sahihi, chini yake kuna ukanda wa bluu wa kuuliza maswali umeganda pale pale, ukishusha haushuki, ukipandisha haupandi, na kitufe cha kuwasilisha kiko nyuma ya huo ukanda, kinachungulia ncha tu ya kijani. Simu yenyewe ni itel ndogo, kioo kina ufa, na maandishi yamewekwa makubwa kwa sababu simu anaitumia pamoja na bibi yake. Bila shaka waliotengeneza walijaribu kwenye simu pana yenye maandishi ya kawaida, huko kila kitu kinakaa mahali pake, ila ukikuza maandishi vitu vinasukumana na cha mwisho kinatolewa nje, na cha mwisho ndo kitufe cha kutuma. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu nikarudisha maandishi madogo, nikailaza simu ubavu, kitufe kikatokea, binti akabonyeza, ikakubali. Kazi ya dakika chache. Lakini yule mama kalipa nauli ya watu wawili, kuja na kurudi, kwa sababu ya ukanda wa bluu, na hiyo inaniuma.

Kingine ni kile kialama cha juu kwenye majina yetu. Mkoa huu umejaa majina hayo, Chang'ombe, Ng'ong'ona, hiyo Makang'wa yenyewe, Ng'hambi kule Mpwapwa, na majina ya ukoo ya Wagogo ndo usiseme. Fomu mpya ukiandika jina lenye ng' inatoa maandishi mekundu kwamba jina liwe na herufi tu. Haya, unakitoa kialama, unaendelea, ukifika hatua ya kulinganisha na cheti inakwambia majina hayafanani. Mtoto wa watu anabaki katikati, akiandika lilivyo anakataliwa, akiandika lisivyo anakataliwa. Na wale waliojisajili tangu mfumo wa zamani wakifungua wasifu wao wanakuta jina limegeuka, pale penye kialama pamekaa alama ya na (&), reli (#), namba 039 na nukta mkato (;), kijana anaogopa akidhani kuna mtu kaingia kwenye akaunti yake.

Hili nalijua linakotoka. Kwenye lugha inayotumika kuongea na hifadhidata kile kialama ndo kinafungua na kufunga maandishi, na wahalifu wamekitumia miaka mingi kupenyeza amri zao kupitia fomu, kwaiyo waandishi wa programu wanakiogopa. Lakini kinga yake inajulikana miaka mingi pia, mfumo unapokea jina lote na kulichukua kama maandishi tu, haulichukui kama amri, na jina linabaki zima. Kukikataa kabisa ni kukata kona. Tena kuna jambo dogo ambalo wengi halijawapitia kichwani, kibodi nyingine za simu zinaandika kialama kilichonyooka na nyingine kilichopinda, kwa macho yetu ni kilekile, kwa kompyuta ni viwili tofauti kabisa, sasa mfumo wa hapa Tanzania usipoliwaza hilo utaliwaza nini?

Kuna na wale wanaoona ukurasa umevurugika, maandishi yamepandana, menyu imekaa juu ya picha, wakibonyeza hamna kinachotokea. Hapo mara nyingi tatizo ni kwamba brauza inatunza vipande vya ukurasa ili kesho usitumie bando upya, mfumo ukibadilishwa inachukua vipande vya zamani inavichanganya na vipya na havielewani. Ukifuta hivyo vipande vilivyotunzwa, ndo vinaitwa kashe, inakaa sawa. Lakini tuwe wakweli, mtu wa kawaida atajuaje kashe ni nini, na kwa nini iwe juu yake, wakati mtengenezaji angeyapa mafaili mapya majina mapya brauza ingelazimika kuyachukua upya na mtumiaji asingejua hata kama kuna kitu kimetokea.

Paswedi nazo, zote za zamani zimekataa kwa mpigo, kila mtu anatakiwa aombe mpya na kodi, yaani zile tarakimu za kuthibitisha, inatumwa kwa meseji kwenye namba ya simu aliyojisajilia. Hiyo namba wengine hawana tena, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba anaweza kupewa mtu mwingine, sa kodi inaenda kwa mtu usiyemjua na wewe umekaa unasubiri meseji.

Ila linaloumiza kuliko yote ni la hela. Ukibonyeza kuomba kontroo namba, ile namba unayolipia, ukurasa unazunguka tu, unazunguka, mtu anadhani haijashika anabonyeza tena, na tena. Kumbe kila alipobonyeza imetoka namba yake. Anaenda kwa wakala analipia ile aliyoiandika kwenye karatasi, mfumo unasubiri ile ya mwisho, akirudi anaambiwa hujalipa. Hela imetoka kweli, risiti anayo, lakini kwenye fomu panasoma bado. Kuzuia hili si jambo gumu, kitufe kikishabonyezwa kilale mpaka jibu lirudi, basi.

Na asiniambie mtu kwamba mabadiliko makubwa lazima yaumize. Kumbukeni mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla, mwaka 2024. Mita zile, na zote za aina hiyo duniani sio za kwetu tu, zilikuwa zinahesabu muda kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kutunza hiyo hesabu ilikuwa ya biti 24, yaani dakika 16,777,216, ambazo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijaboreshwa ingekataa tokeni mpya, watu wangelala giza na umeme wameshaulipia. Shirika la umeme, TANESCO, wakatangaza mapema, na kazi yenyewe ikafungwa ndani ya manunuzi ya kawaida, ukinunua umeme unapata safu tatu za tarakimu 20, unaingiza ya kwanza, ya pili, halafu ya tatu ndo yenye yuniti zako. Ilichosha, nakubali, kusimama mbele ya mita unabonyeza tarakimu 60 wakati giza linaingia sio kazi ndogo, na wazee wengi waliita vijana wawasaidie. Lakini angalia uzuri wake, kila nyumba ilivuka kwa wakati wake, siku yake ya kununua umeme, na mpangilio ulieleweka hata kwa asiyejua lolote kuhusu mita. Mpaka leo nautolea mfano.

Kinyume chake ni ile benki ya Uingereza, TSB. Aprili 2018 walihamisha wateja wote kwenda mfumo mpya kwa mkupuo ndani ya mwisho wa wiki mmoja. Wateja kama milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakaona akaunti za watu, mkurugenzi wake Paul Pester akaachia ngazi Septemba mwaka huohuo, na Desemba 2022 wasimamizi wa benki kule wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Hao ni watu wenye hela, wataalamu na kila kitu, tatizo halikuwa uwezo, walivusha wote siku moja njia ikiwa haijajaribiwa vya kutosha.

Hata kwenye kompyuta hizihizi tunazotumia dukani, Microsoft walipotoa Windows 8 mwaka 2012 waliitoa ile menyu ya Start ambayo watu walishaizoea tangu Windows 95. Watumiaji wakalalamika kweli, kitufe kikarudi kwenye Windows 8.1 mwaka 2013, na menyu yenyewe ikarudi kwenye Windows 10 mwaka 2015. Kampuni kubwa hivo ilisikiliza, ilichelewa lakini ilisikiliza. Ndo maana nasema kulalamika sio kukosa adabu wala sio kupinga maendeleo. Mtu akikwambia kitufe hakionekani amekufanyia kazi bure, mshukuru, andika, rekebisha. Kinachoudhi ni ukipiga simu huduma kwa wateja unajibiwa "mfumo uko sawa, jaribu tena baadaye", wakati mi nina skrinishoti na watu wapo mbele yangu. Kwa nini wasiweke tu tangazo juu ya ukurasa, haya matatizo tunayajua, haya tunayarekebisha, ukikwama hapa fanya hivi? Watu wangapi wangebaki na nauli zao.

Sasa kwa mliokwama, haya ndo yanayotusaidia sisi kila siku. Kabla hujahangaika fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha la brauza, ukikaa vizuri hapo ujue shida ni kashe, ifute halafu endelea. Kitufe kisipoonekana punguza ukubwa wa maandishi ya simu na uilaze, au chagua muonekano wa kompyuta kwenye menyu ya brauza. Maelezo marefu yaandike kwanza pembeni, hata kwenye meseji unayojitumia mwenyewe WhatsApp, ndo uyahamishie kwenye fomu, maana mfumo unaweza kukutoa bila taarifa na kila ulichoandika kikapotea. Ikiwezekana jaza usiku sana au alfajiri watu wakiwa wachache. Kontroo namba omba mara moja, ukurasa ukizunguka usibonyeze tena, toka, rudi, angalia kwenye orodha ya malipo kama ipo, na ulipe ile inayoonekana hapo tu. Kila hatua piga skrinishoti inayoonyesha saa na tarehe, ukienda kulalamika bila hiyo hausikilizwi. Na tafadhali, wenye majina ya ng', kama fomu imekataa usibadili jina kienyeji halafu ukanyamaza, andika malalamiko yenye picha ya cheti na picha ya lile kosa, utunze na namba ya malalamiko, kwa sababu jina likishaingia vibaya kulirekebisha baadaye kunaweza kudai mpaka kiapo.

Na wewe unayetengeneza hii mifumo, nakuomba kwa heshima kabisa, kabla hujazima ule wa zamani njoo ukae steshenari moja ya Dodoma wiki ya mwisho ya maombi, asubuhi mpaka mchana, uangalie watu wanabonyeza wapi na wanakwama wapi. Njoo na simu ndogo, weka maandishi makubwa, jaza fomu yote mwenyewe kwa bando la kununua, na sehemu ya makazi andika Ng'ong'ona.