Muhula mmoja Korea Kusini: nani aende, nani asubiri

Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliovutwa na Kikorea kupitia tamthilia na muziki hufika mahali wakajiuliza: inafaa kwenda Korea Kusini muhula mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana ili kujifunza lugha? Wapo wanaosema hakuna darasa linaloshinda kuishi na wenye lugha. Wapo wanaosema miezi minne inakwisha kabla ulimi haujalegea, na nauli ya ndege peke yake ingemlipa mwalimu wa nyumbani muda mrefu. Mimi naunga mkono safari, ila kwa sharti moja: usiende mikono mitupu.

Wanaopinga wana hesabu upande wao, na hesabu hiyo ni nzito. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 hivi za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kikorea. Kiswahili imekipa saa 900 hivi. Sasa tazama muhula wenyewe. Kwa kawaida una wiki 16, na mwanafunzi wa kubadilishana mara nyingi husoma masomo ya fani yake kwa Kiingereza, Kikorea akikipata labda saa tatu, akibahatika sita kwa wiki. Hata asipokosa kipindi hata kimoja, saa sita kwa wiki 16 ni saa 96.

Taasisi za lugha zilizo ndani ya vyuo vya huko zina mpango mwingine kabisa: saa nne kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 10, jumla saa 200 kwa ngazi moja, na ngazi ziko sita. Tofauti hii ndiyo waombaji wengi hawaiulizi mapema. Wanaona jina la chuo na picha za bweni, wanajaza fomu, kumbe Kikorea kwenye ratiba yao ni somo la pembeni. Wanaopata ufadhili wa serikali ya Korea kwa ajili ya shahada, ule unaoitwa GKS, kwa kawaida huanza na mwaka mzima wa lugha tu, asubuhi hadi mchana, na wanatakiwa kufikisha ngazi ya tatu kati ya sita za mtihani wa TOPIK. Ikiwa mwaka mzima wa namna hiyo unalenga ngazi ya tatu, anayeanzia sifuri asitegemee muhula wa masomo mchanganyiko umfikishe huko.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa safari hulipita haraka. Seoul ya leo inakuruhusu kuishi kimya. Mgahawani unaagiza kwenye mashine yenye skrini mlangoni, unabonyeza, unalipa kwa kadi, unasubiri namba yako. Chakula cha usiku kinaletwa kwa programu ya simu. Palipo na maandishi magumu unaelekeza kamera, programu ya Papago inatafsiri. Bwenini umewekwa na wageni wenzako, na lugha ya ukumbini ni Kiingereza. Mtu anaweza kumaliza Desemba akiwa amezungumza Kikorea kidogo kuliko aliyebaki Morogoro na mwalimu wa mtandaoni.

Hata hivyo kuna vitu ambavyo mwalimu wa mtandaoni hawezi kukupa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wapinzani. Chukua duka dogo la saa 24 lililo karibu kila kona. Umeweka kaunta wali uliofungwa na chupa ya maji. Keshia anakuuliza kwa pumzi moja kama unahitaji mfuko, kama akupashie moto chakula, kama unataka risiti. Maneno yote hayo ulishayasoma kitabuni. Lakini keshia anayameza nusu, nyuma yako kuna foleni, na wewe umeganda. Ukipita hapo kila siku, baada ya wiki chache sikio linafunguka. Sijui njia ya kulifungua hivyo ukiwa chumbani kwako.

Kubwa zaidi ni adabu ya lugha. Kikorea kinabadilisha mwisho wa kitenzi kulingana na unayezungumza naye: profesa, mwenzako aliyekutangulia chuoni, rafiki wa rika lako. Anayejifunza kwa tamthilia hubeba lugha ya wapenzi na marafiki wanaozozana, kisha akaipeleka kwa mhadhiri, na hilo linasikika kama utovu wa nidhamu. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaelewa upesi kwa nini Mkorea anauliza umri wako dakika ya pili. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kutamka papo hapo ni kitu kingine, na hilo la pili linakuja kwa kukosea mbele ya watu wakakusahihisha. (Hata katika sauti hatuendi mikono mitupu: wenzetu wa pwani wanaotenganisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi ya p wana mwanzo mzuri, maana Kikorea kina p tatu, na mojawapo ina pumzi hiyo hiyo.)

Kwa hiyo ubishi kuhusu urefu wa muhula unakosa shabaha. Cha kupima ni unafika na nini na unakaa wapi. Kuna watu wanatumia wiki mbili za kwanza Seoul kujifunza herufi 24 za hangul, ambazo wangezimaliza Mwanza kwa wikiendi chache bila kulipa viza wala bweni. Kwangu, asiyefikia ngazi ya pili ya TOPIK asubiri. Akishafika hapo, kila siku ya huko inamlipa, kwa sababu ana sentensi za kusahihishwa.

Mwezi wa kwenda nao una uzito. Mwaka wa masomo Korea unaanza Machi, na vilabu vya wanafunzi, dongari, hutafuta wanachama wapya hasa wakati huo. Klabu ya kupanda milima au ya ngoma inakupa saa nyingi za Kikorea cha kweli kuliko ratiba ya darasa. Anayekwenda Septemba hukuta marafiki wameshashikamana. Miji kama Busan au Jeonju pia inakulazimisha kuongea kuliko mtaa wa Sinchon, Seoul, uliojaa vyuo na wageni, ingawa lafudhi ya Busan itakusumbua mwanzoni. Na kama chuo chako kina makubaliano na Hankuk University of Foreign Studies, usiyaache: huko Kiswahili kinafundishwa kwa miongo kadhaa, wapo Wakorea wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, na saa moja ya lugha yako kwa saa moja ya lugha yao ni biashara ya haki.

Kuhusu ajira baadaye, nashauri watu wasijidanganye. Ni kweli treni za umeme za SGR ya Tanzania zimetoka Hyundai Rotem, kampuni ya Korea, na Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wa Korea. Lakini kazi nyingi za miradi hiyo zinakwenda kwa Kiingereza, na Kikorea kinakuwa na thamani kikiwa juu ya fani nyingine: uhandisi, uhasibu, sheria. Pia hakikisha kwa maandishi, kabla ya kukata tiketi, kwamba chuo chako kitayatambua masomo utakayofanya huko, la sivyo utarudi na kuhitimu muhula mzima baada ya wenzako. Kwa mwenye mkopo wa masomo nyumbani, hilo ni deni juu ya deni, na peke yake linatosha kumfanya asubiri.