Kioo cha matatu na hesabu ya viti

Asubuhi ya mvua, matatu ya abiria 14 ikitoka Kawangware kwenda mjini Nairobi haikosi ugomvi mmoja mdogo. Kijana wa kiti cha nyuma anasukuma kioo, mama mwenye mtoto mapajani anageuka: "Kijana, funga hiyo, mtoto ana homa." Kioo kinafungwa. Watu 14 wanavuta pumzi moja mpaka mjini, na mtoto mwenye homa yumo katikati yao.

Ugonjwa unaoenea kwa hewa unapoingia mjini, serikali hukimbilia kuhesabu viti. Machi 2020, korona ilipoingia, Kenya iliagiza gari la watu 14 libebe 8, na mabasi makubwa yajaze asilimia 60 tu. Agizo hilo lilikaa hadi Agosti 2021.

Wanaolitetea wana hoja, na nzito kwangu ni ya kifua kikuu, si ya korona. Kwenye ndege, Shirika la Afya Duniani hutaka waliokaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu watafutwe ikiwa safari ilidumu kwa muda wa saa 8 au zaidi. Nani hukaa ndani ya matatu muda huo? Mtu wa Rongai, nje ya Nairobi, anayetumia saa 2 kwenda kazini na 2 kurudi huumaliza kwa siku mbili, tena kila safari na majirani wapya. Halafu abiria wakipungua, na uwezekano wa mgonjwa kupanda gari lako unapungua. John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alipokomesha ule mtindo wa kujaza matatu mpaka mlango usifunge, mwaka 2004, alikuwa akipigana na ajali. Vifua vya watu navyo vilipata nafuu.

Lakini kuna kisa cha Zhejiang, China, ambacho hakinitoki. Januari 19, 2020, mabasi mawili yalipeleka waumini kwenye ibada ya Kibuddha, safari ya dakika 100 kwenda na kurudi. La kwanza lilikuwa na watu 60, hakuna aliyepata korona ndani yake. La pili lilikuwa na 68, mmoja wao akiwa nayo bila kujua. Baadaye waliothibitika ni 24, naye akiwemo. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ileile. Waliokaa safu za mbali naye waliambukizwa karibu sawa na majirani zake, ilhali dereva na waliokaa karibu na mlango walinusurika. Sasa shusha nusu ya abiria, mgonjwa abaki na kiyoyozi kibaki. Wagonjwa watapungua, ndiyo, kwa kuwa wa kuambukizwa wamepungua. Ila kila aliyebaki kitini amevuta hewa ileile, na nafasi tupu kando yake haikumkinga sana.

Na nafasi hiyo tupu ililipiwa. Petroli haipungui kwa sababu umebeba watu 8, kwa hiyo nauli zilipanda, kwingine mara mbili. Nairobi ni mji ambao karibu asilimia 40 ya safari zake ni za miguu hata siku za kawaida. Mfua nguo wa Kibera akipandishiwa nauli hakai nyumbani kujikinga. Anatembea, au anabebwa na boda mvua ikimnyeshea. Wengine walibanana stejini kungoja gari la watu 8, jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kufungua kioo hakupandishi nauli. Kuna baridi, kuna vumbi, kuna nywele zilizotengenezwa jana; hayo nayajua, na kwenye mvua kubwa hata mimi nafunga. Ila nimeona askari wakikagua mikanda, matairi, na spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo kasi, sijaona hata mmoja akijaribu kioo. Kwenye gari nililopanda leo asubuhi nilivijaribu vilivyokuwa karibu yangu. Viwili kati ya vinne vilikuwa vimegandishwa kwa stika za wachezaji, na cha tatu kilifunguka upana wa kidole. Makanga, akining'inia mlangoni kwenye upepo wote ule, aliniuliza natafuta nini.