Bosi karudisha ofisi kwa mwenye jengo, luku nanunua mimi

Jumanne iliyopita niko katikati ya kikao cha Zoom, nawasilisha ripoti ya mwezi, mara ile rimoti ya luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, pale ukutani ikaanza kulia tii, tii, tii na kataa kekundu kanawaka, na watu wote kwenye kikao wakaisikia. Ilikuwa tarehe 19. Zamani nikiweka elfu nane mwanzo wa mwezi nafika mwisho wa mwezi bila kuigusa tena ile rimoti, sasa hivi tarehe 19 nakimbilia simu kununua uniti huku bosi wangu anasubiri nimalizie kueleza mauzo.

Nafanyia kazi nyumbani tangu katikati ya 2023, kampuni iliporudisha kwa mwenye jengo ile floo tuliyokuwa tumepanga Mikocheni, hapa Dar. Tuliambiwa ni neema kwetu, hakuna foleni, hakuna kuamka saa kumi na moja. Na ni kweli, mwanangu sasa ananiona mchana na hilo silibezi hata kidogo. Ila kuna bili iliyohama pale Mikocheni ikaja kukaa Kinyerezi kwangu na hakuna aliyeitaja kwenye kile kikao cha kutuaga ofisini.

Hebu tupige hesabu maana watu wengi wanadhani ni shilingi mia mbili tatu. Laptop na skrini ya pili tuseme wati 80, masaa tisa hiyo ni kama uniti 0.7 kwa siku. Feni ya kusimama wati 55 na nyumba yangu ni ya bati, saa nane mchana mwezi wa pili huwezi kuizima hata dakika kumi, hapo nusu uniti. Raouta nayo inakula kidogo kidogo. Jumla kama uniti 1.3 kwa siku, mara siku 22 za kazi unapata uniti 29 hivi. AC mi sina. Mwenye AC ya hospawa moja, inayokula karibu uniti moja kila saa ikiwa inasukuma, ajipigie mwenyewe.

Uniti 29 zinaonekana kitu kidogo, na hapa ndipo watu wa HR, wale wa utumishi, hawaelewi, kwa sababu wao wanawaza umeme una bei moja. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, ile D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 za mwezi, ukijumlisha VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini asilimia 3 na EWURA, wadhibiti wa nishati, asilimia 1 inakuwa 122. Ukipita 75 kila uniti ya ziada ni 350, na makato inafika 427. Na wastani wako ukiendelea kuzidi unahamia T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti kuanzia ile ya kwanza ni 292, yaani 356 na makato.

Sasa nyumba yangu na mke wangu, mtoto, friji dogo, tivii, taa na pasi ilikuwa inatumia kama uniti 65, hiyo ni shilingi 7,930. Ongeza zile 29 za kazi unapata 94. Ukiwa bado D1 unalipa 17,200 na ushee. Ukishahamia T1 uniti hizohizo 94 ni karibu 33,500. Yaani umeme nilioongeza haufiki hata nusu ya ule wa mwanzo lakini hela imezidi mara nne, na friji la mke wangu na katuni za mtoto navyo vinalipiwa bei ya juu kwa sababu mimi naandaa ripoti za kampuni sebuleni. Sio laptop tu niliyoleta nyumbani, nimeitoa familia nzima kwenye bei nafuu. Hiki ndicho kinachoniuma.

Najua jibu litakalokuja, umeokoa nauli. Sikatai, nilikuwa napanda daladala mbili kwenda mbili kurudi, kwa mwezi ilikuwa inazidi elfu hamsini, na ukiangalia mfuko wangu peke yake nimebaki na nafuu kidogo. Lakini nauli ilikuwa yangu siku zote, nilikuwa nailipa mimi, kampuni haijawahi kunipa hata mia. Umeme wa ofisi ulikuwa wa kampuni. Nafuu iliyotoka kwenye mfuko wangu haiwezi kulipa deni la kwao.

Halafu ofisini kulikuwa na jenereta. Ule mgao wa umeme ulioanza mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzo wa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la umeme la Nyerere haujawashwa Februari na hali ikaanza kutulia, mi nilinunua betri ya raouta kwa hela yangu na siku nyingine nikakaa kwenye mgahawa naagiza chai tatu ili nisifukuzwe kwenye soketi.

Mwenzangu mmoja wa kazini yeye hali yake mbaya zaidi, anakaa nyumba ya wapangaji watano mita moja, walikuwa wanachanga sawasawa kila mtu. Wiki ya pili tu majirani wakaona feni inazunguka kwake kutwa, wakaitana uani na kumwambia dada sisi tunatoka asubuhi tunarudi usiku, wewe mwenye kompyuta utachanga mara mbili. Hakuwa na la kusema maana wana haki kabisa. Ikabidi atafute fundi amfungie sabmita, kamita ka kupima umeme wake peke yake, gharama zake, kelele zake, aibu yake, kampuni haina habari.

Wenzetu wameshalitungia sheria. Uhispania ina sheria ya kazi za mbali ya 2021 inayosema gharama za vifaa na matumizi ya kazi hiyo ni za mwajiri, na Ujerumani anayefanyia kazi nyumbani anaruhusiwa kupunguza euro 6 kwa siku kwenye kipato kinachotozwa kodi, mwisho euro 1,260 kwa mwaka. Sisi hatuhitaji hata kusubiri bunge, kwa sababu luku mtu yeyote anaweza kukununulia, anachohitaji ni namba ya mita tu. Mhasibu akikaa na simu tarehe moja anamaliza wafanyakazi ishirini kabla ya chai, tokeni zinatumwa, risiti zinabaki kwenye faili. Hakuna cha mfanyakazi kudanganya hapo, umeme ukishaingia kwenye mita hauwezi kunywewa bia.

Nimewaandikia. Barua pepe ya kurasa moja na nusu, nikaambatanisha risiti za miezi sita, mitatu kabla na mitatu baada, na ile hesabu ya uniti 75 nikaikoleza rangi. Mwisho nikaweka namba ya mita yangu. HR kajibu jana, kasema hoja imepokelewa itapelekwa kwenye kikao cha bajeti. Nimemuuliza kikao ni lini, na nimewaomba wenzangu wote wenye risiti zao wazitume wiki hii kabla tarehe haijapangwa.