Mtoto Hakosei Ovyo

Fungua daftari la hesabu la mtoto yeyote hapa Lamu. Utakuta alama nyekundu ya kosa na jibu sahihi pembeni kwa mkono wa mwalimu. Mtoto hulinakili, na wiki ijayo anarudia kosa lile lile. Hili linaniuma, maana mtoto ni nadra kukosea kwa kubahatisha. Mara nyingi anafuata kanuni aliyojitungia, na kanuni hiyo isipong'olewa, mazoezi zaidi yanaikomaza tu.

Chukua 52 − 38. Jibu ni 14. Aliyeandika 26 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu: 8 toa 2, 5 toa 3. Kanuni hiyo haikumwangusha alipokuwa akifanya hesabu kama 48 − 23, kwa nini aiache? Aliyeandika 24 amekopa kumi lakini hakulipunguza kwenye makumi. Aliyeandika 90 amejumlisha, hakuitazama alama. Hawa watatu wote hupewa X moja, ilhali kila mmoja ana ugonjwa wake.

Wa 26 mpe vijiti: mafungu 5 ya kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti 2 pekee. Mwambie atoe 38. Atatoa mafungu matatu, kisha atakwama: anatakiwa kutoa 8 na mkononi ana 2. Nyamaza. Mwache afungue fungu mwenyewe, apate 12, atoe 8, vibaki 4 na fungu moja. Kila anachokifanya kwa mkono akiandike hapo hapo kwenye daftari. Wengi wetu hapa ndipo tunapoharibu: vijiti Jumatatu, maandishi Alhamisi, na mtoto anaona ni masomo mawili yasiyojuana.

Kwa wadogo wa chekechea, tusidanganywe na wimbo. Kufika ishirini kwa kuimba si kuhesabu. Mwekee rundo la kete umwambie, "Nipe saba." Asiyejua atateka gao zima. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walizieleza kanuni za kuhesabu, miongoni mwake tatu hizi: kila kitu neno moja, maneno kwa mpangilio usiobadilika, na neno la mwisho ndilo idadi. Ya tatu ndiyo inayochelewa. Mtoto anahesabu kete tano vizuri, ukimuuliza "Ni ngapi?" anaanza upya. Basi akishahesabu zifunike kwa kawa, umuulize ziko ngapi chini. Anza na tatu, usivuke tano mpaka ajibu bila kufunua.

Na kete zisiachiwe wazee wa barazani peke yao. Ubao wa bao una safu 4 za mashimo 8. Tia kete mbili kila shimo, zote 64 zimekwisha. Mtoto wa Gredi 3 asiyekumbuka 4 × 7 afunike safu wima moja ya mashimo manne: mashimo 32 toa 4, ni 28. Jedwali la kukariri nalitaka pia, ila likija baada ya hapo.

Kosa linalovumiliwa mno ni la alama ya =. Andika 8 + 4 = □ + 5, wengi watajaza 12, kwa kuwa miaka yote alama hiyo imewaambia "toa jibu". Hasara yake huonekana Gredi 7 au 8, kwenye 3x + 2 = x + 10, ambapo pande zote mbili zina kazi. Tangu Gredi 1 waandikiwe 12 = 8 + 4 na 7 = 7, waulizwe kweli au si kweli.

Kisha sehemu. Anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 muulize kwanza: 2/5 inafika nusu? Haifiki. Umeongeza kitu juu ya nusu, ikapungua? Mpe ukanda wa karatasi wa sentimita 12. Nusu ni 6, theluthi ni 4, jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Ukanda unashinda duara, kwani duara halikunjiki mara tatu sawasawa kwa mkono wa mtoto.

Najua darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja. Hahitaji kumhoji kila mtoto. Atoe hesabu moja kama ile 52 − 38, ayapange madaftari kwa mafungu kulingana na majibu, kesho yake akae na kila fungu dakika chache. Mzazi nyumbani aulize, "Umefikaje hapa?", na aulize hata jibu likiwa sahihi. Swali hilo likiulizwa kwenye makosa tu, mtoto akilisikia atashika raba kabla hajafungua kinywa.